Bolti ya Saba na Usingizi wa Bosi

Jumatatu, 9 Juni

Bosi hajalala mchana. Kwa hiyo na mimi sijalala. Naandika nikiwa nimesimama, maana nikikaa tu nasinzia, na yeye anajua.

Chanzo ni pikipiki. Ina wiki mbili inavuja oili, tone moja moja, kwenye kifuniko cha injini upande wa kulia. Leo Baba Bosi hana kazi, kaamka na nguvu, akasema anabadilisha gasketi, ile karatasi inayoziba kifuniko, shughuli ya nusu saa. Akamwaga oili yote kwenye beseni — beseni la kumwogeshea Bosi! — akafungua bolti sita kama anamenya ndizi. Ya saba ikagoma. Akakaza meno, spana ikateleza, akajigonga kidole. Akarudia. Ikateleza tena. Sasa kichwa cha bolti kilichokuwa na pembe sita kimekuwa duara kama kifungo cha shati.

Bila oili injini haiwashwi. Injini isipowashwa, Bosi halali. Ana miezi minane, na tulimzoesha wenyewe: nampakata dirishani, baba yake anawasha pikipiki barazani, inanguruma dakika kumi, macho yanafunga. Mama mkwe alituonya. Alisema mtoto mnamlea kama betri.

Jioni nimejaribu kunguruma kwa mdomo. Bosi kacheka mpaka akapata kwikwi.

Jumanne, 10 Juni

Usingizi wa mchana: hakuna.

Baba Bosi kaimwagia bolti mafuta ya taa kabla ya kwenda kazini. Anasema ni kutu, iachwe inywe mpaka jioni. Jioni imekunywa, imeshiba, haikutoka. Mama mkwe akashauri maji ya moto, akaleta birika mwenyewe kutoka chumbani kwake. Tukamwaga. Bolti ikabaki kama ilivyo, ila sasa safi.

Nimemfunga Bosi mgongoni nikazunguka uani mara arobaini. Kila nikigeuka kuchungulia, macho manne yanaangaliana.

Nimetia chumvi kwenye chai. Nimeinywa yote.

Jumatano, 11 Juni

Bosi kalala dakika nne! Jirani alikuwa anasaga kitu kwa mashine. Mashine ikazima, naye akafumbua macho.

Nikaenda kumwomba jirani asage tena. Akasema hana cha kusaga. Nikampelekea karanga zangu. Zimesagwa mara tatu, zimekuwa uji, jirani akaanza kuniangalia vibaya. Nimerudi na Bosi wangu, macho makavu, na bakuli la karanga.

Alhamisi, 12 Juni

Leo ilikuwa patasi. Baba Bosi kaazima, kaiweka pembeni mwa kichwa cha bolti, akawa anapiga nyundo ili izunguke. Haikuzunguka. Kikaruka kipande cha kifuniko, kidogo kama ukucha. Bosi peke yake ndiye aliyepiga makofi.

Hapo hasira ya Baba Bosi ikatafuta pa kwenda. Akampigia simu mjomba wake, aliyemuuzia pikipiki mwaka jana. Akamwambia umeniuzia chuma cha kutu, hukuwahi hata kufungua bolti moja. Mjomba naye hakuwa mnyonge, nilikuwa namsikia mpaka jikoni. Mama mkwe akaingilia, maana mjomba ni mdogo wake: mdogo wangu hajawahi kuuza kitu kibovu maishani mwake. Basi mama na mwana hawaongei. Wananituma mimi. Mwambie mwanao chakula tayari. Mwambie mama sina njaa.

Sasa ngoja niandike, maana daftari halina mdomo.

Siyo kutu. Ni mimi.

Wiki mbili zilizopita, lilipoonekana tone la kwanza, Baba Bosi alisema ikizidi kuvuja tutaacha kuiwasha. Nikaona usingizi wangu unaondoka hivihivi. Alipotoka nikachukua plaizi nikaikaza ile bolti, maana tone lilikuwa linatokea chini yake. Nikakaza mpaka mikono ikatetemeka. Halafu nikaweka mguu kwenye mpini wa plaizi, nikakanyaga.

Na ikaendelea kuvuja.

Ijumaa, 13 Juni

Nilipanga kumwambia leo. Kweli nilipanga. Alirudi amechoka, akambeba Bosi, akakaa naye juu ya pikipiki iliyozimika, akawa anamngurumia: bruuum, bruuum, anabadilisha gia kwa mdomo. Saa nzima. Koo limemkauka. Mwishowe aliyelala ni yeye, kidevu kwenye tangi, na Bosi anamvuta sikio. Ningeanzia wapi?

Badala yake nikasema fundi aitwe. Akaamka akakataa. Kifuniko ni chake, bolti ni yake, atamalizana nayo mwenyewe. Nikamwambia taratibu, bila kugomba:

"Baba Bosi, kesho fundi anakuja. Asipokuja, wewe utanguruma hivyo mpaka mtoto aanze shule."

Akaitazama pikipiki. Akamtazama mwanawe. Akasema sawa, lakini aje yule anayechomelea mageti, siyo mafundi wa barabarani, wale watamcheka.

Namwambia kesho. Kabla fundi hajafika.

Jumamosi, 14 Juni

Sikumwambia. Fundi mageti kawahi.

Kaja na jenereta kwenye mkokoteni, mtu mpole, miwani ya giza kichwani. Hakucheka. Akaeleza kuwa ataweka nati kubwa juu ya kile kichwa cha duara, aichomelee ndani ya tundu lake, vishikane viwe kitu kimoja, halafu aifungue kwa spana kama bolti mpya. Joto la moto litasaidia kuilegeza. Baba Bosi akaanza kumpa historia ya kutu na ya mjomba. Mama mkwe kaketi barazani, mdomo kaubinua. Mimi dirishani na Bosi, analia kile kilio cha kuchoka ambacho hakina hata machozi.

Fundi akachutama, akaifuta bolti kwa kitambaa, akainamia kama mtu anayesoma barua.

"Kutu hakuna hapa," akasema. "Hii imekazwa. Na siyo mtu mmoja."

Akaonyesha alama kwa ncha ya msumari. Hizi mpya ni patasi, zimekwenda upande wa kufungua. Hizi za zamani zote zimekwenda upande wa kukaza. Hapa spana namba nane, mtu kajivuta kweli. Hapa meno makubwa, hii ni spana ya bomba la maji. Na hapa plaizi.

"Huyu wa plaizi alikuwa na hasira," akasema.

Spana ya bomba nyumba hii ni moja tu, na ni ya mama mkwe. Alisimama akasema ameacha kitu jikoni kinaungua. Leo hatujawasha jiko.

Baba Bosi akageuka polepole kuelekea dirishani. Akafungua mdomo. Fundi akavuta kamba ya jenereta.

Jamani, ule mngurumo! Kama pikipiki tatu. Bosi akashtuka, akanyamaza, akaweka shavu kifuani kwangu. Dakika mbili — mbili! — amelala, mdomo wazi. Nimelia kidogo. Midomo ya Baba Bosi ilikuwa inacheza huko nje, maneno mengi tu, sikusikia hata moja. Nikamwashiria sisikii. Kwa kweli nilishukuru.

Nati ya kwanza ilikatika. Ya pili ikashika. Fundi akaiacha ipoe, akaweka spana, akaegemea. Ikalia kama panya. Ikazunguka. Ikatoka yote, ndefu, nzima, nyuzi zake hazina hata doa. Mjomba anastahili kupigiwa simu.

Fundi kazima jenereta, kafungasha, kaondoka na mkokoteni wake. Kimya. Bosi hakuamka. Baba Bosi kaingia kwa ncha za vidole, nikamwekea kidole mdomoni: usithubutu. Wiki nzima nimeisubiri hii saa. Hata kama nyumba inaungua, tutaungua kimyakimya.

Katoka. Karudi na kipande cha boksi la gasketi, ameandika kwa herufi kubwa:

PLAIZI NI NANI?

Na chini yake, ndogondogo: Spana namba nane ni mimi. Nilitaka isivuje mlale.

Kaniachia penseli juu ya goti. Amechutama mlangoni, anangoja. Bosi anakoroma, mkono wangu mmoja umekufa ganzi, mwingine unaandika hapa daftarini, mstari baada ya mstari, naye ananiangalia, anatikisa kichwa kwa huruma kila nikifika mwisho wa ukurasa.

Anadhani namjibu.