Darasa Lisilohesabiwa

Thika, Ijumaa, mwezi wa saba, 1958

Leo baridi imeamka kabla yangu. Ukungu ulilalia mashamba ya kahawa hadi karibu saa nne, nami nilikuwa ndani ya kaptula ya mazoezi, nikirukaruka papo hapo. Nilimwambia kila mtu kwamba ni baridi. Kumbe ilikuwa hofu pia.

Leo ulikuwa mtihani wangu wa kufundisha mazoezi ya viungo. Mwaka jana nilianguka, na anayeanguka mara mbili chuo chetu cha ualimu kinamfukuza, hata kama anaongoza katika sayansi. Na kweli naongoza. Sijisifu, ila kidogo. Wenzo, kipimajoto, mvuke, hayo kwangu ni mchezo. Lakini niambie nipinduke kichwangomba, utaona gunia la viazi likianguka.

Kamau, ninayelala naye vitanda jirani, ni kinyume changu. Anatembea kwa mikono uwanja mzima, ila ukimwuliza kwa nini maji huchemka anakutazama kwa huruma. Muhula wote tumekuwa tukifundishana. Yeye ananishika miguu nisivunje shingo, mimi namchorea wenzo mchangani, ubao juu ya gogo. Nampenda sana yule mtu, na sijawahi kumwambia. Jana aliniazima filimbi yake, akanikumbusha jinsi ya kuanza: panga mstari, wajihesabu, kisha wagawe wawili wawili. Ndivyo tunavyofanya chuoni kila asubuhi.

Wiki mbili sasa nafundisha darasa la pili huko Gitothua, Ruiru. Nimewafundisha kusoma na mambo ya maji na upepo, lakini mazoezi alikuwa nayo mwalimu wao. Leo ndiyo mara ya kwanza kuwatoa uwanjani mimi mwenyewe, na mkaguzi kasimama pembeni na karatasi zake.

Nilipuliza filimbi, wakapanga mstari mzuri ajabu. Nikaamuru wajihesabu kutoka kulia. Wanjiku, aliyekuwa wa kwanza, akatazama vidole vya miguu yake. Nikarudia. Wote wakainamisha macho. Hasira ikanipanda, maana niliona wananiaibisha makusudi mbele ya mgeni. Basi nikaanza kuwahesabu mwenyewe, kwa kidole na kwa sauti. Nilipofika wa nne, mtoto akaanza kulia na wawili wakajificha nyuma ya wenzao.

Mwanamke mzee ambaye watoto wote humwita cucu, yaani nyanya, naye ni nyanya wa mwanafunzi wangu Nyambura, alikuwa akipika uji wa shule. Aliacha sufuria, akaja mpaka karibu nami, akasema kwa sauti ya chini ili nisiaibike:

"Mwarimu, mtoto ya mtu hahesabiwi. Na sisi hapa tumehesabiwa ya kutosha."

Mimi ni mzaliwa wa mjini Thika, na nyumbani tunasema Kiswahili. Niliwahi kusikia kwamba Wakikuyu hawahesabu watoto wao, kwamba ni kuwaitia mabaya, lakini nilipopewa filimbi nikasahau. Lile neno lake la pili, la kuhesabiwa ya kutosha, halikuhitaji maelezo. Miaka hii ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali, kijiji chao kimepangwa mistari na kuhesabiwa na askari asubuhi na jioni. Sasa nimekuja mimi kuwapanga tena.

Niliona aibu mpaka masikioni.

Nikaweka filimbi mfukoni. Kando ya darasa fundi alikuwa ameacha ubao mrefu na gogo. Nikalaza ubao juu ya gogo, nikamkalisha Njoroge upande mmoja, nikawaambia watafute wa uzito sawa naye upande wa pili. Akapanda Muthoni, ubao ukatulia sawa. Basi hao ni wawili. Wakaanza kupanda na kushuka, wakibishana nani mzito, na yule aliyekuwa akilia akawa hataki kushuka. Kila aliyepata mwenzake akaenda naye mbio za toroli, mmoja akitembea kwa mikono, mwingine kamshika miguu. Hapo najua kushika, kwa kuwa nimeshikwa sana. Kicheko kilifika barabarani.

Somo lilipokwisha, mkaguzi aliniita. Fomu yake ilikuwa na nafasi moja tupu. Aliuliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Watoto wangapi?"

Cucu alikuwa akigawa uji hatua chache kutoka tulipokuwa. Nilijua kwamba cheti changu kiko kwenye ile nafasi. Nikamwambia sitawahesabu hapa, bwana, lakini nitakupa majina. Nikaanza: Wanjiku, Njoroge, Muthoni, Kariuki, Nyambura, mpaka wa mwisho, bila daftari. Mwanzoni alikunja uso, kisha akaanza kuandika. Nilipomaliza akapitisha kalamu kwenye orodha yake, akihesabu moyoni, akaandika alichoandika, akanionyesha chini ya ukurasa. Nimefaulu.

Kamau alipopata habari jioni hii alinibeba mgongoni kuzunguka bweni. Nikamlaumu kwa kutonionya, akacheka, akasema alidhani kila mtu anajua kwamba kujihesabu ni kwa chuoni, si kwa watoto. Nikamwambia nampenda. Akaniangusha.

Sasa nimekaa na daftari hili, na mkono unataka kuandika darasa langu lina watoto wangapi, jinsi nilivyofundishwa kuandika kila kitu. Sitaandika. Wote walikuwepo, wote walikunywa uji, na wote walirudi nyumbani.