Ukuta wa Jirani na Magoti ya Mama Mkubwa

Shoga, sikia yaliyotupata leo.

Si unaijua nyumba ya mama mkubwa, ile iliyojificha nyuma ya kiwanja cha mwenye duka la saruji? Leo alfajiri yule bwana kaleta mafundi, na kufika saa nne kichochoro chetu cha miaka ishirini kimezibwa kwa tofali. Pande nyingine zote ni kuta za watu!

Mama mkubwa kamwita, naye anajibu kutoka upande wa pili, "Kiwanja changu, mama. Ruka."

RUKA! Na magoti yale!

Tumemtoa kwa ngazi, analia kimyakimya, moja kwa moja hadi ofisi ya ardhi. Afisa kasema sheria iko upande wa mama mkubwa, aliyezingirwa lazima apewe njia. Ila kesi itasikilizwa baada ya miezi mitatu.

Mama mkubwa kamuuliza, "Mpaka hapo nipite wapi, mwanangu?"

"Leo umetokaje?"

"Kwa ngazi."

Afisa akainama, akaandika. Nikachungulia: "Mlalamikaji ana njia nyingine ya kutoka."

Ngazi, shoga! Ngazi!

Nimebisha mpaka sauti imekauka, kasema tukaeleze siku ya kesi. Mama mkubwa kaniuliza, "Kaandika nini?"

Nimemshika mkono, nikamwambia turudi kwenye ngazi.