Mufereji Utapita kwa Maman Nabintu

Bagira, Jumanne jioni

Na mimi nilifikiri watanipigia makofi! Niliwaambia majirani kwamba wakinichagua kwenye baraza la komini yetu ya Bagira, nitaanza na mufereji mukubwa, sababu nyumba zinaongezeka na mvua inabeba udongo.

Maman Nabintu, mujane muuza ndizi, akasimama. "Papa, huo mufereji utapita mu nyumba yangu. Mimi na batoto tutalala wapi?"

Nikamwambia mbele ya wote kwamba sijui. Wengi wakaondoka.

Yeye alibaki. "Wengine waliokuja kuomba kura walinidanganya. Kuya uone."

Tukashuka kwake. Ukuta umepasuka, pale pale watoto wanapolala.

Kesho nitasema wazi: kwanza tumutafutie parseli, kiwanja cha kujenga nyumba ingine, mufereji utafuata. Kura zikipotea, zipotee. Mvua iko karibu.