Gari Jekundu, Gari la Kijivu na Mgongo wa Baba

Mpendwa Shangazi Beryl,

Naomba unisaidie kabla muuzaji magari hajanipigia tena Jumamosi, maana usingizi sipati kwa ajili ya SUV mbili ndogo, na najua utanicheka. Naishi na baba yangu, Kev, shambani nje ya mji mdogo wa Cooma, amekata manyoya ya kondoo maisha yake yote na mgongo umekwisha, na kila Alhamisi nampeleka klabuni mjini kucheza na wenzake ule mchezo wa kuviringisha matufe kwenye nyasi, kwanza barabara ya changarawe yenye mikunjo kama bati, halafu kona za mlimani, na gari letu la zamani limechoka kabisa. Muuzaji akaniachia niyajaribu yote mawili, Baba kando yangu, na lile jekundu, ambalo bado ninalo, Shangazi, limeniteka, ukigusa usukani tu limeshakata kona, nikajikuta nacheka kwa sauti, mimi ambaye tangu Mama afariki sijacheka hivyo. La kijivu ni laini kama godoro, ila kwenye kona linayumba, na ukitaka kulipita lori, linanguruma weee wala halisogei. Nikamuuliza Baba mgongo unaendeleaje ndani ya jekundu, akasema, "Si haba. Chukua unalolipenda, binti yangu, mimi abiria tu." Nikafurahi. Lakini tangu siku hiyo anadai matufe yamemchosha, klabuni haendi, anashinda jikoni na redio yake, na dada yangu anasema ni uzee tu. Kweli ni uzee, au mimi ni mbinafsi?

Leanne

Leanne mwanangu,

Sikucheki, ila nitakugombeza kidogo. Umekulia Cooma, unamuuliza mkata manyoya mgongo unaendeleaje, anakujibu "si haba", nawe unaamini? Marehemu mume wangu alivunjwa mbavu na kondoo dume, nikamkuta amekaa juu ya ndoo, uso mweupe pe. Kumuuliza hali, akasema, "Si haba, Beryl. Chai ipo?" Baba yako hajachoshwa na matufe, amechoshwa na safari ya kuyafuata. Na hatakwambia, kwa sababu amekusikia ukicheka.

Wewe si mbinafsi. Unamtunza mzee na una haki ya kufurahia kona zako. Sasa mpigie muuzaji wewe kwanza. Naweka dau kwamba jekundu alilokupa lina rimu kubwa na tairi nyembamba, pambo la dukani hilo, na kwenye changarawe kila jiwe linapanda mpaka kwenye uti wa mgongo. Ulizia jekundu hilohilo la rimu ndogo na tairi nene, lile wanalolificha nyuma. Mpitishe Baba kwenye mikunjo ya kwenu, siyo kwenye lami ya muuzaji, na usimuulize kitu. Tazama mkono wake kwenye kishikio cha juu ya mlango. Mkono ukilegea, chukua jekundu, na Alhamisi ukishamshusha klabuni kazunguke mlimani peke yako ucheke mpaka uchoke. Ukibaki umekaza, chukua la kijivu na uzoee kuyumba, maana mzee akishalizoea jiko hatoki tena.

Jambo la mwisho. Usimwambie unabadilisha kwa ajili yake, atakataa. Mwambie lile la kwanza lilikuumiza mgongo wewe. Utaona atakavyokugeukia haraka, "Kumbe hata wewe!"

Shangazi Beryl