Daktari Mchicha Amenyang'anywa Mke

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila kwanza ujue anayekuandikia ni nani: mimi ndiye mkulima ambaye mchicha ukinisikia nakohoa unaota, majani ya maboga yakiniona yanajipanga mstari, na kama si kuachana na shule kwa ugomvi wa hesabu za sehemu ningekuwa waziri wa kilimo sasa hivi, tena waziri mwenye sura. Huku kwetu wananiita Daktari Mchicha. Usiwasikilize wanaosema jina hilo nilijipa mwenyewe.

Shida yangu ni mke wangu. Usishtuke, namaanisha bibi yangu mzaa mama, aliyenilea tangu sina meno, ananiita mume wangu nami namwita mke wangu, na tumekula sahani moja maisha yangu yote mpaka juzi juzi mama mkubwa alipokuja kumchukua.

Bibi ana kisukari. Muuguzi wa zahanati alimwambia ameze vidonge kila siku, chai anywe bila sukari, ugali apunguze, na nusu ya sahani iwe mboga za majani. Nikadakia hapo hapo, "Muuguzi, hapo umefika kwa wenyewe!" maana bustani yangu iko nyuma ya jiko, unachuma huku unakoroga sufuria. Na kweli, siku ya kliniki kipimo kikatoka kizuri, muuguzi akanisimamisha mbele ya benchi zima, "Mwoneni mjukuu huyu!" na bibi akavuta kanga yake kwa maringo akasema, "Huyu ni mume wangu, mkitaka wa kwenu katafuteni," watu wakacheka mpaka mzee mmoja akadondosha fimbo, mabibi vizee wakaanza kuagiza mafungu, na mimi kichwa kikavimba kofia ikanikataa. Kliniki iliyofuata vile vile. Muuguzi akafurahi, akampunguzia vidonge.

Baada ya hapo bibi akaanza kusikia kiu, maji hayamtoshi, kutwa njia ya chooni, macho yanaona ukungu, na siku moja akaanguka kando ya mtungi mimi nikiwa sokoni najisifu. Mama mkubwa ndiye aliyemkuta. Alimpeleka hospitali, kisha akamhamishia kwake ng'ambo ya mto, akaniambia, "Majani yako ndiyo yamemlaza mama yangu. Kwangu halipiti jani lako, hata la chai!"

Mshauri, kigoda chake kiko pale pale jikoni na sijathubutu kukikalia. Napika mboga ya watu wawili, nala upande wangu wa sahani, upande wake unapoa. Mimi ambaye hulizwa na vitunguu tu.

Juzi nilipita kwa mama mkubwa na baiskeli, nikanadi mchicha kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Bibi akatoka mpaka uzioni.

"Mume wangu, umekonda."

"Hasira za kunyang'anywa mke."

"Umebeba majani ya maboga? Nayatamani, hata yasiyo na chumvi."

Kabla sijajibu mama mkubwa akatoka na mwiko, nikakanyaga pedali. Sasa mshauri, nifanyeje arudi? Nimtoroshe?

Nilitaka kuishia hapo. Ila kusema kweli, zile mboga tulikuwa tunazila kliniki ikikaribia tu. Siku nyingine zote ni ugali kama kichuguu na chai ya sukari, kwa sababu akisema "mume wangu, nitilie kijiko kimoja tu," mkono wangu ulikuwa unatii kabla mimi sijaamua. Kliniki ikikaribia ndipo namlisha majani asubuhi na jioni ili tusifiwe. Muuguzi alipunguza vidonge akiamini bibi anakula hivyo kila siku. Bibi hajamwambia mtu. Ananifichia aibu.

Mimi, Daktari Mchicha (ukiona vyema, hilo Daktari lifute)

MSHAURI ANAJIBU

Mjukuu wangu mwenye mchicha msikivu, nimecheka, kisha nikaweka miwani chini.

Mboga zako hazina kosa. Kipimo nacho hakina kosa, kilisoma mlivyokula siku zile, ninyi mkakifanya mtihani wa kuibia majibu. Leo muuguzi anampangia bibi yako dawa kwa maisha asiyoyaishi, na bibi wa watu amekaa kimya ili wewe usichekwe. Hilo ndilo linalonitisha. Kofia yako ibane isibane, shauri yako.

Habari ya kumtorosha ikome. Kesho, kabla hujachuma hata fungu moja, nenda zahanati umweleze muuguzi mlikuwa mnakula nini na siku zipi. Usipunguze chumvi kwenye maelezo. Vidonge ni kazi yake, wewe usiongeze wala usipunguze. Ukitoka hapo nenda kwa mama mkubwa, ingia kwa mlango wa mbele, shikamoo yako iwe ya heshima, umweleze yale yale uliyoniandikia mimi. Atafoka. Mwache afoke, ndiye aliyemwinua mama yake ukiwa sokoni.

Usiombe bibi arudi siku hiyo. Omba jiko. Mpikie pale pale mama mkubwa akiangalia, mboga nusu ya sahani, ugali kidogo, na uwe unarudi kupika hata siku ambazo hakuna benchi la kukupigia makofi. Akikwambia "kijiko kimoja tu," mkatalie huku umemshika mkono. Atakununia. Mume asiyeweza kununiwa hakustahili kuoa.

Kama atarudi kwenye kigoda chake, hilo wataamua muuguzi na mama mkubwa, si mimi. Ninachojua ni kwamba bibi yako alisimama uzioni akitamani majani ya maboga, na haikuwa siku ya kliniki.

Mpelekee.