Baba, Ploti ya Mama Haikuwa Yako

Baba,

Nimejaribu kukuandikia mara kadhaa nikaishia matusi, nikachana karatasi. Leo ni Jumapili, Mama yuko kanisani, na nimelisoma kwanza daftari langu la kila siku nisije nikakusingizia jambo.

Nianze na simu yako. Uliificha kwenye debe la unga ili tusiisikie, ikaita humo humo. Mama, mwiko mkononi, akaniuliza kama unga umeanza kuongea. Alicheka peke yake. Mimi nilijua ni watu wa benki. Mwanzoni alikuwa msichana mpole, akikukumbusha kulipa angalau kile kiasi kidogo cha mwezi kwenye kadi. Hukulipa. Faini ikaongezwa, riba ikatozwa juu ya faini, na deni likapelekwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, kwa yule mwanamume aliyekuita mwizi. Jina lako likaingia CRB, kwenye orodha ya wasiolipa mikopo. Nilipotaka mkopo wa kwenda chuo kule Chepkoilel, ukajitolea kuwa mdhamini wangu, karani alirudisha fomu akisema, "Mzee wako kwa sasa hawezi kudhamini hata kuku." Nikarudi kwa duka la hardware kupima misumari. Bado napima.

Kama kadi ingenunua dawa au mabati, ningenyamaza. Ililipia nyama choma ya Baba Mdogo Wanjala na marafiki zake, wikendi baada ya wikendi. Ulimwambia mhudumu, "Weka kwa kadi," bila hata kumtazama, kama mtu anayefukuza nzi.

Sasa nikueleze alichofanya huyo ndugu yako.

Siku ya kunyolewa nywele za matanga, baada ya kukuzika kule nyumbani, ukoo ulikaa chini kama desturi yetu ilivyo, ili kila anayekudai aseme mbele ya watu. Jirani, Mama Rasoa, alisema ulichukua jogoo wake ukaahidi kulipa. Akalipwa. Fundi wa matofali akadai, naye akalipwa. Wazee wakasema umeondoka msafi. Ndipo Baba Mdogo akasimama, kofia kifuani.

"Deni lolote la ndugu yangu ni langu. Anayemdai asimsumbue mjane. Aje kwangu."

Wakampigia makofi. Hata mimi nilimpigia, Baba. Nikikumbuka hivyo nataka kunawa mikono.

Simu yako ilikuwa imebaki kwake. Yule mtu wa madeni alipopiga, Baba Mdogo alijigamba kwamba familia imekubali deni mbele ya ukoo mzima. Akaulizwa kuna mali gani. Akataja ploti ya Kimumu. Ploti hii, ambayo Mama aliinunua kwa pesa za chama cha akina mama na za kuuza sukuma wiki, na hati ina jina lake peke yake. Ng'ombe wako wawili walio kwake hakuwataja.

Tangu siku hiyo simu zikaanza kuingia kwa Mama. "Mama, kesho ni polisi." "Mama, madalali watabeba hadi sufuria." Akaacha kula. Akaniambia, "Wacha nisaini tu. Sitaki watu waseme mume wangu amelala na vitu vya wenyewe."

Nilienda kwa wakili mmoja, mama mwenye ofisi karibu na korti. Alinieleza polepole nami nikaandika. Deni la marehemu hulipwa kutoka kwa mali aliyoacha marehemu. Benki inadai huko, na ikibidi inaenda kortini kudai huko. Mali hiyo ikiisha na deni likabaki, mjane na watoto hawalipi kutoka mifukoni mwao. Polisi hawana kazi hapo, na madalali hawaji bila amri ya korti. Lakini Mama akisaini kwamba amelikubali deni, basi limekuwa lake, na ploti inaweza kwenda.

Jumamosi moja Baba Mdogo alikuja na yule mtu wa madeni, kijana wa viatu vya kung'aa. Baba Mdogo alikaa kwa kiti chako bila kukaribishwa, akaomba chai iongezwe maziwa. Karatasi ikawekwa mezani, ploti imeandikwa humo kama dhamana. Niliposema maneno ya wakili, Baba Mdogo alicheka.

"Huyu wa Form Four ndiye anatufundisha sheria siku hizi? Mama Nekesa, hii ni ya kusaini tu. Ndugu yangu apumzike."

Mama alichukua kalamu. Kisha akaigeuza karatasi, akaisukuma mpaka kwa Baba Mdogo, na kalamu juu yake.

"Shemeji, ulisema mbele ya ukoo. Anza wewe. Na uandike wale ng'ombe."

Yule kijana akainua kichwa. "Mzee, kumbe kuna ng'ombe?"

Baba Mdogo akakumbuka ana mkutano mtaa wa West Indies. Aliacha chai imejaa. Kijana alimfuata hadi getini akiita, "Mzee, ngoja kidogo! Hao ng'ombe wako wapi?" Mama alifunga mlango, akaketi, akalia sana. Hakuwa analilia ploti. Alikuwa anakulilia wewe, kwamba bado unadaiwa.

Tumepelekea benki cheti chako cha kifo. Wakili anaandaa kesi ya urithi. Ng'ombe, akiba yako ya sacco na malipo yako ya kazini vyote vimeorodheshwa, na hakuna kitakachoguswa kabla korti haijatoa kibali. Nadhani benki itamaliza yote. Sisi watoto wako hatutarithi hata kamba ya ng'ombe. Naliandika hilo kwa uchungu, ulijue.

Lakini nakuahidi hivi. Kibali kikitoka, nitawaswaga hao ng'ombe mwenyewe mpaka sokoni, Baba Mdogo apende asipende. Kisha nitaita ukoo ukae chini tena, nisimame mbele yao niseme umelipa kwa chako mpaka kikaisha. Mama atakuwa ameketi mbele, asikie.

Baki salama huko, Baba. Hasira zangu hazijaisha, lakini nitakuja kupalilia kaburi.

Binti yako,
Nekesa