Nilimjibu Nesi "Kidogo Tu"

Jumanne jioni, wodini

Hasira haijanitoka, na sijui nimkasirikie nani.

Jana leba nesi alinipitia mara tatu. Kila mara aliuliza, "Maumivu yakoje, mama?" Kila mara nilijibu, "Kidogo tu." Mama mkwe alikuwa kwenye benchi nje ya dirisha, na kwetu mwanamke anayepiga kelele leba husimuliwa mpaka kanisani. Niliuma kitenge mpaka kikatoboka.

Mwenzangu wa kitanda cha pili, mchuuzi wa sokoni Kabanga, alilia bila aibu. Akachomwa sindano ya kutuliza maumivu, akapata hata kusinzia. Kwangu mimi, nesi alidhani uchungu bado mchanga. Aliporudi mara ya nne kichwa cha mtoto kilishaonekana. "Mbona hukusema? Sasa sindano imechelewa."

Leo mama mkwe anawaambia wageni wote kwamba sikutoa hata sauti. Wananipongeza. Mtoto ni wa kike, na kila nikimtazama nawaza kwamba na yeye siku moja ataambiwa aume kitenge anyamaze.

Nageuka huku na huku, nyuzi nilizoshonwa zinavuta.

Saa kumi na moja nesi alipita kuuliza kama nina maumivu. Mama mkwe akanijibia, "Huyu hana shida."

Nikasema, "Yapo, nesi. Ni makali."

Akaniletea vidonge viwili, nikavimeza. Mama mkwe alikuwa ameshika kikombe changu cha uji.

"Mimi nilipomzaa mumeo," akasema polepole, "na mimi nilisema kidogo tu."